Redio za ridhaa zinazopeleka mahali ulipo kwenye intaneti: nani anaona, nani amekubali?

Mzee mmoja msikilizaji wetu, mvuvi wa zamani wa upande wa visiwani, alitupigia simu baada ya kipindi cha asubuhi. Mjukuu wake aliyekuja likizo alikuwa amemfungulia ramani kwenye simu. Juu ya ramani hiyo kulikuwa na alama ndogo ndogo: gari, nyumba, boti, puto, hata mtu anayetembea kwa miguu. Nyingine zimesimama, nyingine zinasogea. Ukibonyeza alama moja inakuonyesha imepita wapi, saa ngapi na kwa mwendo gani. Nyingi zilikuwa Ulaya na Marekani, nyingine Afrika Kusini, na upande wetu wa ziwa palikuwa peupe.

"Mwanangu," akatuuliza, "hawa wanaofuatwa hivi ni wahalifu? Na hao wanaowafuata ni polisi?"

Tulimwambia, hapana mzee, si wahalifu wala si polisi. Ni watu wa redio za ridhaa, na wengi wao wanajitangaza wenyewe. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali la pili, ambalo ndilo limetufanya tuandike haya: "Basi na mitumbwi yetu inaweza kuwekwa humo?"

Swali hilo si la mchezo. Anayekaa kando ya ziwa anaujua usiku wa kusubiri. Mtumbwi umetoka jioni na taa zake, kumekucha haujarudi, na kila ukipiga simu unaambiwa namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Sisi wenyewe hapa kituoni tuliwahi kusoma tangazo la mtumbwi uliopotea. Nyumbani kwao watu wakaanza kukusanyika kama msibani, kumbe vijana walikuwa wamekimbilia kisiwani kukwepa dhoruba na simu zote zimeisha chaji. Walijisikia wakitangazwa wamepotea kupitia redio ya mama muuza chai.

Kwa hiyo tulichimba. Kwa ufundi, anachouliza mzee kinawezekana. Kisheria kuna vizuizi. Na zaidi ya hapo kuna jambo ambalo ramani ile haimwambii anayeitazama: alama inayotoka kwenye redio hufika pale kwa sababu mtu fulani, ambaye huenda mwenye alama hamjui kabisa, ameacha lango lake wazi.

Setilaiti haikuoni

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo tumeisikia vijiweni mara nyingi, kwamba ukiwa na simu yenye GPS basi setilaiti iko juu inakuangalia na inajua ulipo. Haijui. Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,000 na ushee, na kazi yake ni kutangaza: mimi ni setilaiti fulani, na sasa ni saa fulani kamili. Simu yako inasikiliza matangazo ya setilaiti kadhaa kwa pamoja, inapima yamechukua muda gani kufika, kisha inapiga hesabu yenyewe na kujua iko wapi.

Ni kama wewe na sisi. Tunatangaza kutoka studio, wewe unasikiliza shambani. Sisi hatujui kama umewasha redio yako au umeizima.

Kujua mahali ulipo ni jambo moja, na kumwambia mwingine ni jambo la pili. Hilo la pili simu ya kawaida hulifanya kwa kupitia mnara wa kampuni ya simu na bando lako. Ukitoka nje ya mnara, simu bado inajua ilipo, lakini haina mdomo. Na hapo ndipo watu wa redio za ridhaa walipoingia miaka mingi iliyopita, kabla hata simu za mkononi hazijafika vijijini kwetu.

Tunasema ridhaa kwa maana ileile ya ndondi za ridhaa: mtu anacheza kwa kupenda, si kwa malipo. Mkataba wa kimataifa wa masafa ya redio, unaosimamiwa na shirika la ITU, unawaeleza kuwa ni watu walioruhusiwa rasmi, wanaoipenda fani ya redio kwa ajili yao wenyewe, bila kutafuta fedha. Kwa kawaida mtu hufanya mtihani, hupewa leseni, na hupewa jina la kituo chake ambalo ni herufi na tarakimu. Herufi za mwanzo zinaonyesha nchi. Tanzania ni 5H, na leseni hutolewa na TCRA. Kenya ni 5Z, Uganda ni 5X. Wenye ndugu Oman huenda wakapenda kujua kwamba Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa mtu wa redio za ridhaa, na kituo chake kilijulikana kwa jina A41AA.

Lilianza na meli na farasi

Mfumo wenyewe unaitwa kwa herufi nne, APRS. Aliyeuanzisha ni Mmarekani Bob Bruninga, aliyekuwa katika chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani kule Annapolis, jimbo la Maryland. Mwaka 1982 alitengeneza programu ya kuweka kwenye ramani taarifa za mahali zilizotumwa kwa redio za jeshi la majini. Mwaka 1984 akaiboresha, akaitumia kufuatilia farasi kwenye mbio za maili 100, yaani kilomita 160. Fikiria mbio za namna hiyo: farasi wametawanyika porini, mwenye mashindano anataka kujua nani amepita wapi na nani ameumia. Kompyuta aliyotumia ilikuwa VIC-20, ndogo kuliko simu ya kitochi kwa uwezo wake.

Wakati huo mtu wa kawaida hakuwa na GPS mkononi. Tangu mwanzo, basi, lengo halikuwa kumfuatilia mtu kila anapokwenda. Lengo lilikuwa watu walioko kwenye tukio moja wajue nani yuko wapi na kunatokea nini. Bruninga aliendelea kulisisitiza hilo mpaka alipofariki Februari 2022, na alikerwa na wanaodhani mfumo huu ni wa kufuatilia magari tu. Alitaka watumiaji watumiane ujumbe, waseme mvua inanyesha wapi, barabara gani imefungwa. Tunalitaja kwa sababu lililotokea baadaye, intaneti ilipoingia, ni kinyume kidogo na alivyotaka.

Safari ya taarifa moja

Tuchukue gari moja kwenye milima ya North Carolina, Marekani. Ndani yake kuna redio inayofanana na redio koli za askari wetu, imeunganishwa na GPS. Kila baada ya dakika chache redio inarusha mlio mfupi wa kukwaruza, kama ule wa mashine ya faksi, usiozidi sekunde moja hivi. Ndani ya mlio huo kuna jina la kituo, mahali, alama ya kuonyesha kwamba ni gari, mwendo, na pengine maneno machache ya mwenye gari. Marekani wote wanatumia masafa mamoja, megahezi 144.390. Ulaya na Afrika Kusini ni 144.800.

Kituo kilichowekwa juu ya mlima kinausikia mlio huo na kuurusha upya, kwa hiyo unafika ng'ambo ya pili ambako gari lenyewe lisingesikika. Kituo kingine kinaweza kuusikia na kuurudia tena. Kila taarifa hubeba maelekezo ya mara ngapi irudiwe. Mwenye tamaa akiomba irudiwe mara nyingi, anajaza masafa kwa kelele zake na wenzake hawapati nafasi, maana wote wanagawana njia moja kwa zamu. Wawili wakisema kwa pamoja, mara nyingi zote mbili hupotea. Na hapa kuna jambo la kushika: kwa taarifa za mahali hakuna anayejibu "nimekupata". Gari linasema, kisha linaendelea na safari yake. Kama limesikika au halikusikika, lenyewe halijui.

Kuna kituo cha kurusha upya kilicho juu kuliko mlima wowote. Kituo cha anga za juu cha kimataifa, ISS, kinachozunguka kwa urefu wa kilomita 400 hivi, kina chombo cha kazi hii kwenye megahezi 145.825, na njia yake inapita pia juu ya Afrika Mashariki. Kila kinapopita, mwenye leseni anapata dakika zisizozidi kumi hivi za kutuma, kisha kinazama upande wa pili.

Sasa tuje kwenye lango. Chini ya ule mlima, mjini, kuna nyumba ya mtu. Juu ya paa kuna antena, ndani kuna kipokezi na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, imeunganishwa na intaneti. Kazi yake ni kusikiliza masafa yale mchana na usiku, na kila taarifa inayoisikia kuipeleka kwenye seva zilizoko sehemu mbalimbali za dunia. Kutoka kwenye seva hizo, tovuti za ramani zinachota na kuonyesha. Ile aliyoiona mzee inaitwa aprs.fi, na inaendeshwa na mtu wa redio za ridhaa wa Finland. Umeme wa lango analipa mwenye nyumba. Intaneti analipa yeye. Hakuna anayemlipa.

Taarifa moja inaweza kusikika na malango matatu kwa mpigo. Seva hupokea ya kwanza na kutupa zinazofanana nayo zikija ndani ya nusu dakika. Kwa hiyo ukiona kwenye ramani kwamba taarifa imeletwa na lango fulani, huyo ni aliyewahi tu. Huenda si aliye karibu zaidi.

Malango yenyewe ni ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Lango la kwanza linasikia na pia linaweza kusema: ujumbe ukitoka kwenye intaneti kwenda kwa yule mwenye gari, lango linaurusha redioni umfikie. La pili linasikia tu. Hili la pili ni rahisi kulitengeneza, maana siku hizi kifaa kidogo cha kupokelea televisheni kwenye kompyuta kinatosha kuwa kipokezi. Likiwekwa, ramani inajaa alama na kupendeza. Lakini mke akiwa nyumbani akaandika "rudi, mtoto anaumwa", ujumbe unafika langoni na kuishia hapo. Kwa maoni yetu huu ndio upungufu mkubwa wa mfumo ulivyo leo. Dunia nzima inamwona mwenye gari, yeye haoni wala hasikii kitu.

Lango likizimika

Mwishoni mwa Septemba 2024 kimbunga Helene kilipiga kusini-mashariki mwa Marekani, na milima hiyohiyo ya North Carolina ikapata mafuriko mabaya. Barabara zilikatika, umeme ukaondoka, simu zikanyamaza maeneo mengi. Kituo cha redio ya ridhaa cha kurusha upya kilichoko mlima Mitchell, wenye urefu wa mita zaidi ya 2,000, kiliendelea kufanya kazi. Watu walikitumia kuulizia ndugu zao, kuomba msaada, kusema daraja gani limekwenda na maji.

Kilichobeba kazi hiyo kilikuwa sauti, si ramani. Mtu anamwita mtu, mwingine anaandika kwenye karatasi. Ramani ya kwenye intaneti inahitaji lango, na lango linahitaji umeme na intaneti, vitu viwili ambavyo maafa huanza navyo. Ni kweli kwamba wenye redio za APRS wanaweza kuendelea kuonana wao kwa wao hewani hata malango yote yakifa, na hilo ni sifa yake kubwa. Ila aliyeko mbali anayetazama simu yake ataona alama zimesimama tu, na hatajua kama waliosimama ni watu au ni lango.

Hapo tunarudi kwenye tangazo letu la mtumbwi uliopotea. Alama iliyosimama inatisha kuliko kutokuwa na alama kabisa. Mtu wako ulikuwa unamwona anasogea, mara ameganda katikati ya maji tangu saa nane usiku. Sababu inaweza kuwa ameingia nyuma ya kisiwa, betri imekwisha, mlio wake umegongana na wa mwingine, au mwenye lango amekatiwa umeme. Inaweza pia kuwa ni kweli amezama. Ramani haitenganishi. Aliyezoea mfumo huu huangalia saa ya taarifa ya mwisho kabla ya kuangalia mahali, na akiona kimya huuliza kwanza kama vituo vingine vya eneo hilo navyo vimenyamaza. Familia iliyopewa ramani bila kufundishwa hilo itapata usiku mbaya zaidi kuliko ule wa zamani.

Neno ridhaa lina maana mbili

Kwa Kiswahili, ridhaa ni kupenda bila malipo, na ridhaa pia ni kukubali. Mwenye gari wa North Carolina amekubali nini hasa alipowasha redio yake?

Tuseme alitaka wenzake wa klabu wamwone. Mara tu lango moja liliposikia, taarifa ilikwenda dunia nzima, na zipo tovuti zinazohifadhi njia alizopita. Mahali gari linapolala kila usiku ni nyumbani kwake, haihitaji upelelezi. Jina la kituo chake liko kwenye orodha ya leseni ambayo Marekani huiweka wazi, pamoja na anwani. Anayetaka kujua kama nyumba ile haina mtu leo anaweza kufungua simu akaona gari liko umbali wa saa tatu.

Kuficha kwa maneno ya siri hakuruhusiwi. Kanuni za kimataifa za redio za ridhaa zinakataza mawasiliano kati ya vituo vya nchi tofauti kufumbwa ili wengine wasielewe, na nchi nyingi zimechukua msimamo huo kwa mawasiliano ya ndani pia. Masafa haya ni ya kujifunza na ya wote, kwa hiyo husemwa wazi.

Waliotengeneza mfumo waliacha njia mbili za kujihifadhi, na zote tunazipenda kwa urahisi wake. Ya kwanza ni kufuta tarakimu. Mahali huandikwa kwa nyuzi, dakika, na sehemu za mia za dakika, na sehemu moja ya mia ni mita 18 au 19 tu ardhini. Mwenye kituo anaweza kuacha tarakimu za mwisho tupu. Akifuta mbili za mwisho, anajulikana yuko ndani ya eneo la upana wa karibu kilomita mbili. Akifuta tatu, kilomita 18 hivi. Akifuta zote nne za dakika, kilomita zaidi ya 100. Hajadanganya, amesema kwa mbali.

Ya pili ni kuweka kwenye taarifa neno NOGATE, ambalo ni amri kwa lango: isikie, lakini usiipeleke kwenye intaneti. Programu za malango zinatakiwa kulitii. Lakini ni heshima tu. Hakuna kinachomzuia mtu mwenye kipokezi na programu yake mwenyewe kupuuza neno hilo. Ni kama kumwambia mtu jambo sokoni ukaongeza "usimwambie mtu". Anaweza kukustahi, na waliokuwa wamesimama karibu wamesikia pia.

Na uongo je?

Anayeleta taarifa kwenye seva hujitambulisha kwa jina la kituo na namba ya siri. Ila namba hiyo hupatikana kwa kupiga hesabu kwenye jina lenyewe, na hesabu hiyo inajulikana, imo kwenye programu za bure. Yaani ni kufuli ambalo ufunguo wake umeandikwa mlangoni. Limeweza kutunza adabu kwa miaka mingi kwa sababu watu wa redio za ridhaa wanafahamiana na uongo hauwafaidishi kitu.

Pale ambapo uongo unamfaidisha mtu, mambo hubadilika. Tuangalie mfumo mwingine wa jamii hii, wa meli, uitwao AIS. Meli kubwa hutangaza mahali zilipo kwa redio ili zisigongane, na watu wa kujitolea walioko pwani, wenye vipokezi majumbani, wanazipeleka taarifa hizo kwenye tovuti za ramani. Ni malango yaleyale kwa jina jingine. Juni 2021 ramani hizo zilionyesha meli mbili za kivita, HMS Defender ya Uingereza na Evertsen ya Uholanzi, zimetoka Odesa nchini Ukraine usiku na kusogea hadi karibu kabisa na kambi ya jeshi la majini la Urusi kule Sevastopol. Wakati huohuo kamera za bandari ya Odesa zilizokuwa zikirusha picha moja kwa moja zilionyesha meli zote mbili zimefungwa gatini, hazijasogea hata hatua. Siku chache baadaye, tarehe 23, Defender ilipita kweli karibu na Crimea na kukabiliwa na vikosi vya Urusi. Katika hali ya namna hiyo, meli ya uongo kwenye ramani inaweza kuanzisha vita.

Mtumbwi wa dagaa hauwezi kuanzisha vita. Lakini mtu anaweza kuudanganyia mahali pake, au akauweka mtumbwi hewa kwenye eneo lililofungwa kwa uvuvi ili mwenzake akamatwe. Tusiione ramani kama shahidi aliyeapa.

Basi, mitumbwi yetu?

Kizuizi cha kwanza ni leseni. Anayerusha kwenye masafa ya redio za ridhaa lazima awe na leseni, na siku hizi vibao vidogo vya bei nafuu vinavyoweza kurusha taarifa za aina hii vinauzwa mtandaoni kwa yeyote, jambo linalowafanya vijana wadhani ni kama kununua kava la simu. Kukinunua si kuruhusiwa kukiwasha.

Cha pili ni biashara. Masafa haya hayatumiki kutafutia fedha. Mwenye mitumbwi ishirini hawezi kuyatumia kusimamia vijana wake wanaomvulia, hata kama kila kijana angepata leseni. Kwa kazi hiyo yapo masafa ya biashara, ambayo huombewa kibali chake.

Cha tatu ndicho kizito kwetu. Mvuvi hasemi samaki amewapata wapi. Baba humwambia mwanawe, na wakati mwingine hata huyo hamwambii mpaka akue. Ukiuweka mtumbwi wake kwenye ramani ya wazi, kesho asubuhi mwalo mzima umehamia pale. Na wezi wa injini na nyavu ziwani nao wana simu. Vijana wakipewa kifaa na tajiri au na mradi wowote, waulizwe kabla, na waelezwe nani ataona, si kuambiwa tu kwamba ni kwa usalama wao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa ya mahali alipo mtu anayejulikana kwa jina si kitu cha kugawa hivihivi.

Kwa hofu ya kuzama, kifaa kinacholingana na haja ni kingine. Kuna vifaa vya dharura vya megahezi 406, ambavyo mtu huviwasha akiwa hatarini tu. Mlio wake hupokewa na setilaiti za mpango wa kimataifa wa uokoaji uitwao Cospas-Sarsat, na taarifa hupelekwa kwa mamlaka za uokoaji, haiwekwi kwenye ramani ya kila mtu. Kifaa husajiliwa kwa jina la mwenye nacho. Mpango huo umekuwa ukiokoa watu tangu mwaka 1982.

Tulimpigia mzee tukamsimulia haya yote, kwa ufupi kuliko tulivyoyaandika. Lile la kufuta tarakimu lilimchekesha, akasema hata zamani ukiulizwa ulivua wapi ulijibu "kulekule". Hakutaka ramani ya dunia. Alichotaka ni mwalo wao ujue nani ametoka na nani hajarudi, na kwa hilo, akasema, kuna daftari. Kila mtumbwi unapotoka unaandikwa jina, idadi ya watu na upande unaoelekea. Tukamuuliza kama linajazwa. Akasema lilijazwa vizuri tu mpaka aliyekuwa anaandika alipohamia mjini.